Mama Asumpta Nyoni na Miezi Kumi na Miwili ya Mjimwema

Baba Paroko, masista, mashehe wetu, viongozi wa mtaa, wafiwa wenzangu na majirani: wazee shikamooni, vijana nawasalimu. Mimi ni Aidan Nyoni wa Ruhuwiko, mdogo wake marehemu. Dada aliagiza wasifu wake usizidi kurasa mbili, na asisifiwe kwa jambo ambalo hakulifanya. Agizo la pili nimelitii. La kwanza mtanisamehe, maana humu ndani nina swali la kujibu mbele yenu, na siwezi kulijibu kabla hamjajua lilikotoka.

Marehemu Asumpta Romanus Nyoni alizaliwa Peramiho tarehe 15 Agosti 1958, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Romanus Nyoni na Mama Fortunata Gama. Ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, hivyo Baba hakuhangaika kutafuta jina. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alilia mara moja tu siku ile, kisha akaanza kuangalia nani yumo chumbani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Peramiho kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, mwaka 1976. Akiwa darasa la tatu mwalimu alimpa kazi ya kuandika majina ya watoro. Yeye aliyaandika, halafu jioni akapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wana shida gani. Watoro wawili walimkimbia wakidhani ametumwa na fimbo. Wa tatu alikuwa anauguza bibi yake, na marehemu alimsaidia kuteka maji wiki nzima. Mimi nilikuwa mdogo, nikabebeshwa ndoo ya tatu bila kuulizwa.

Machi 1978, baada ya mafunzo Dar es Salaam, aliajiriwa Posta hapa Songea, akakaa kaunta na chumba cha kuchambulia barua kwa miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu Agosti 2013. Alijua mji mzima kwa namba za masanduku. Ukimwamkia sokoni, kabla hajaitikia marahaba ameshakumbuka sanduku lako na kama umelifungua mwezi huu. Wenye barua za Tunduru walimpenda sana, kwa sababu basi likikwama na mvua njiani, yeye ndiye aliyewatafuta kuwaeleza, badala ya wao kuja kuuliza kila siku.

Kaunta hiyo hiyo ndiyo iliyomletea mume. Marehemu Henry Haule, fundi seremala kutoka Mbinga, alikuwa anakuja kila Ijumaa kuulizia barua, na kila Ijumaa anajibiwa hakuna. Wiki ya tano dada alimpa bahasha. Ndani aliandika kwa mkono wake: "Ndugu Henry, umenichosha kukuambia hakuna. Sasa ipo. Tafadhali jibu." Shemeji alijibu siku hiyo hiyo, na stempu alibandika. Walifunga ndoa tarehe 24 Septemba 1983, wakajaliwa watoto wawili, Remmy na Hilda. Shemeji alitangulia mwaka 2009.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnamjua kwalo. Julai 2016 alihamia mtaani Mjimwema mwalimu mgeni kutoka Kagera, anaitwa Pamela, akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa dada. Akaugua malaria siku nne amejifungia ndani peke yake. Dada aligundua pale wanafunzi walipokuja kuuliza mwalimu wao yuko wapi. Aliposukuma mlango na kumkuta, Pamela alimwambia, "Mama, sikujua nimwite nani." Pamela alipona, leo ndiye aliyewapangia viti. Lakini neno lile lilimkaa dada kooni. Nyumba ya tatu! Yeye aliyejua masanduku ya mji mzima hakujua mgonjwa wa nyumba ya tatu. Aliona aibu, na aibu ya dada yangu haikukaa bure.

Januari 2017 alibandika karatasi ya manila ukutani sebuleni, akaigawa miezi kumi na miwili, na kila mwezi akaandika shughuli moja ya kuwakutanisha majirani. Kikundi kikaitwa Tujuane. Sharti lilikuwa moja: ikishaandikwa haiahirishwi. Mvua ikinyesha, tutakutana ndani ya mvua.

Mwaka wa kwanza alikosea vibaya, nami nalisema maana aliagiza asisifiwe bure. Jumamosi tarehe 10 Juni 2017 aliandaa chakula cha mchana cha mtaa: ugali, kuku na likolo, mboga zetu za majani, za kila aina. Mzee Mussa, mfanyabiashara wa madini wa kutoka Tunduru, alikuja na familia yake nzima, wakaketi, wakaongea, wakacheka, wala hawakugusa sahani. Dada alikuwa anazunguka na sufuria: "Mzee Mussa, chakula hakina chumvi?" Mzee Mussa anajibu kizuri sana mama, ahsante. Ni mtoto wake mdogo aliyeropoka kwamba nyumbani wamefunga. Ilikuwa katikati ya Ramadhani! Dada alishika kichwa kwa mikono miwili. Jua lilipokuwa linazama alikuwa mlangoni kwa Mzee Mussa na chakula kile kile kimepashwa moto, akaomba radhi na akakaa kufuturu nao. Tangu siku hiyo hakuna kalenda iliyopanda ukutani kabla Mzee Mussa hajaipitia.

Mwaka huu wa 2024 alijua kuwa anaumwa, na kalenda aliipanga kwa bidii kuliko miaka yote. Januari tulipanda miti kando ya barabara ya shule, tukalowa. Februari tuliwapeleka watoto wa wahamiaji kwenye kumbukumbu za mashujaa wa Majimaji, ili mtoto anayekulia Songea ajue anakanyaga wapi, na wazee wakawafundisha ngoma ya lizombe hadi wakapoteza viatu. Machi ilikuwa futari, kwa Mzee Mussa, safari hii kwa saa sahihi. Aprili tuliezeka upya nyumba ya mjane mmoja. Mei tulizibua mitaro.

Juni ilikuwa kuchangia damu. Mimi niliyeendesha lori la Tunduru kabla ya lami nilianguka kwa kuona sindano ya mtu mwingine. Dada alikuwa na daftari lake la mahudhurio, na nilipozinduka nilikuta ameandika: "Aidan: alihudhuria, amelala." Julai akina mama wa zaidi ya miaka hamsini walicheza mpira wa pete na walimu. Mama Lidwina, mwenye miaka sabini na moja, aligoma kutoka uwanjani, akidai hawezi kutolewa na refa ambaye yeye mwenyewe alimwogesha akiwa mtoto. Agosti watu walitaka kumfanyia dada sherehe ya kuzaliwa, akakataa akisema hiyo si shughuli ya mtaa. Tukashona madaftari ya shule yaliyochanika. Septemba tulisafisha kisima. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, anahesabu nani hajafika ili jioni apige simu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2022. Alitibiwa hapa Songea na Peramiho, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Jumapili tarehe 29 Septemba aliniita kitandani. Akasema, "Aidan, chukua kalenda. Zimebaki mbili baada ya Oktoba, na mwaka kesho upangwe." Nikamwambia, "Dada, mimi sina uvumilivu wa watu. Mpe Pamela." Akasema Pamela ana darasa la watoto tisini. Nikasema basi mpe mwingine. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa," kisha akaniuliza maharage yangu yameuzika au bado yako stoo. Hakulitaja tena. Ningependa angenigombeza. Nilitoka pale najidharau, na kila nilipokwenda kumwona nilibeba matunda na kuzungumzia hali ya hewa.

Shughuli ya Oktoba, kupima wazee shinikizo la damu, ilifanyika Jumamosi tarehe 12 bila yeye. Pamela alimpelekea taarifa kwamba wamekuja sitini na watatu. Akauliza, "Mama Lidwina naye alikuja?" Akaambiwa alikuja, na presha yake iko juu kwa sababu ya refa. Hilda anasema hapo mama yake alicheka hadi akashika ubavu. Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake Mjimwema, marehemu alifariki dunia mikononi mwa watoto wake. Aliishi miaka sitini na sita na miezi miwili kamili, bila siku ya ziada. Karani wa Posta huyo.

Jana alasiri, msibani, mtani wetu Mwalimu Tadei Kikoti, Mhehe wa Iringa anayeishi hapa mtaani, alifanya yale ambayo watani wameruhusiwa na wengine wakifanya tunapigana. Alijifunga kanga ya marehemu, akavaa miwani yake, akang'oa kalenda ukutani na kuketi nayo kizingitini pa nyumba, pale jeneza linapopita.

"Nyie Wangoni mmejaa hapa mnalia," alisema kwa sauti ya dada hasa, "Novemba nani ataililia?"

Akina mama walianza kucheka huku machozi yanawatoka. Akafungua daftari na kuita majina. Lidwina! Nipo. Mussa! Nipo, mama. Pamela! Nipo. Kisha akanyanyua miwani.

"Aidan Nyoni!"

"Mtani, niache. Nimefiwa."

"Ndiyo maana nakuita wewe. Ungekuwa hujafiwa ningemwuliza mwenyewe. Ulimjibuje alipokuomba?"

Sikumwambia mtu yeyote habari ile, hata mke wangu. Nikamwuliza nani kamwambia.

"Yeye. Alikuja kwangu siku ya pili, anatembelea fimbo. Akasema, mtani, Aidan amekataa, lakini Aidan hukataa kila kitu mara ya kwanza, hata kuoa. Usimsumbue sasa hivi. Msubiri kwenye msiba wangu, hatakuwa na pa kukimbilia." Kisha akavua miwani, na sauti ikawa yake mwenyewe. "Hakukasirika, mtani. Alikuwa anacheka. Alinipa na zamu ya kuketi hapa."

Jamani, nililia mbele ya watu, mtu mzima na mvi zangu. Zaidi ya wiki mbili nilidhani dada yangu ana kinyongo nami, kumbe alikuwa ameshanipangia siku. Tadei akatangaza kwamba jeneza halitapita kizingiti hicho bila jibu. Wazee wakamsihi, nikaahidi kujibu leo makaburini, akanipisha kwa kunung'unika.

Marehemu ameacha watoto wawili, Remmy na Hilda, wajukuu watano, wadogo zake watatu, nikiwemo mimi, majirani wa Mjimwema, ambao kila mmoja anajua jina la mwenzake, na ameacha Novemba na Desemba.

Mtani, jibu langu ni ndiyo. Kalenda naichukua. Sina uvumilivu wa watu, nanyi mtanivumilia hadi nijifunze. Novemba imeandikwa kwa mwandiko wake tangu Januari, Mzee Mussa akaipitisha: Jumamosi tarehe 2, siku ya Marehemu Wote, saa moja na nusu asubuhi, kufyeka makaburi ya mtaa, ya Wakristo na ya Waislamu, yenye majina na yasiyo na majina. Njooni na mafyekeo, na kila mmoja amgongee jirani yake mlango. Tutaanzia hapa tuliposimama, kwenye kaburi lililo jipya kuliko yote.

Dada Asumpta, Mungu akupe pumziko la amani. Tarehe mbili nitaita majina mimi. Mvua ikinyesha, hatuahirishi.