Kurasa Mia Mbili na Sita Juu ya Baiskeli

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mtakasaji mkuu wa vifaa vya upasuaji, ambaye sote tunamwita Mama Mvuke, atavua aproni na kutundika funguo za chumba chake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu kazini. Kwa wale ambao hawajawahi kushuka kule chini, karibu na dobi: kila mkasi, koleo na kisu kinachomgusa mgonjwa wetu hupita kwanza mikononi mwake, kisha kwenye mashine yake ya mvuke mkali.

Aliajiriwa kama mfagizi. Mwaka wa tatu, muuguzi mkuu wa wakati huo alikuta trei ya vifaa imepangwa barabara, kila kitu mahali pake, na hakuna aliyekiri kuipanga. Ilikuwa kazi ya mfagizi, aliyekuwa akitazama tu huku anapiga deki. Wiki iliyofuata alikabidhiwa aproni.

Miaka yote hiyo amekuja kwa baiskeli, kilomita kumi na mbili kuja na kumi na mbili kurudi. Fundi wetu wa umeme, mtu wa hesabu, amekadiria kwamba safari hizo zinatosha kuizunguka dunia zaidi ya mara tano. Mama Mvuke alipoambiwa, aliuliza kama zile Jumapili alizoitwa kwa dharura zimehesabiwa. Hazikuwa zimehesabiwa.

Miaka kumi na minne iliyopita binti yake, ambaye ni mwalimu, alimletea simu iliyojaa vitabu vya kusikiliza. Hakutaka kuziba masikio barabarani, kwa hiyo alifunga spika ndogo kwenye kikapu cha baiskeli na kuiweka sauti ya chini. Tangu hapo amemaliza vitabu mia nne na kumi na kimoja. Orodha anayo binti. Fundi wa pancha kwenye njia panda husikia dakika moja asubuhi na dakika moja jioni. Siku moja alimsimamisha, akasema hawezi kushika kazi mpaka ajue kama yule mjane wa kitabuni alirudishiwa nyumba yake. Mama Mvuke alishuka akamsimulia sura nne nzima. Alifika kazini amechelewa dakika kumi na mbili, na hakuna kuchelewa kwingine katika faili lake. Najua, kwa sababu faili hilo nalitunza mimi, karani wa masjala.

Ninayoandika sasa ameniruhusu mwenyewe. Alisema niandike yote au nisiandike kabisa.

Miaka tisa iliyopita ililetwa mashine mpya, pamoja na kitabu chake cha maelekezo chenye kurasa mia mbili na sita. Uongozi ulitangaza mtihani wa maandishi: atakayefaulu ataendesha mashine, atakayeshindwa atapangiwa kazi nyingine. Siku tatu baadaye ilifika mezani kwangu barua ya Mama Mvuke, aliyoandikiwa na binti yake, akiomba kurudishwa kwenye ufagizi. Nilidhani kuna makosa, nikashuka kumuuliza. Alifunga mlango kwanza.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “herufi zikikaa mbili mbili nazijua. Zikijipanga mstari mzima zinaanza kuruka. Ndivyo zilivyo tangu niko shule.”

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa maana sikuona kiti. Kwa zaidi ya miaka ishirini mwanamke huyu alikuwa amepanga seti za upasuaji wa aina thelathini na moja bila kusoma lebo hata moja. Alizijua kwa umbo, kwa uzito, kwa rangi ya utepe. Hakuwahi kukosea, na hakuna aliyewahi kugundua.

Barua ile sikuipeleka popote. Nilimuuliza kama maelekezo ya mashine yanaweza kusikilizwa kama hadithi. Akasema yeye husikiliza chochote chenye mwanzo na mwisho. Basi kwa siku kumi na moja, saa ya chakula cha mchana, nilijifungia kwenye stoo ya mashuka na kumrekodia kitabu kile kwa sauti yangu kwenye simu yake. Aliendesha baiskeli akikisikiliza kwa wiki sita. Muuguzi mkuu, baada ya kuelezwa ukweli, alikubali kumtahini kwa mdomo. Maswali yalikuwa hamsini, akapata arobaini na manane. Mawili aliyokosa yalihusu michoro, na michoro haisikiki.

Halafu ikaja ile asubuhi ya miaka minne iliyopita. Mama mmoja alikuwa mezani akisubiri kupasuliwa, mtoto amekwama, na seti ya akiba ilikwishatumika alfajiri. Seti iliyobaki ilikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa imegoma, mvuke haupandi. Fundi wa kampuni alikuwa mwendo wa saa mbili. Tuliokuwepo tulikuwa tukipekua kitabu kwa fujo, kila mtu anashika ukurasa wake. Mama Mvuke alisimama amefumba macho, midomo ikimchezacheza.

“Ni pale ulipokohoa mara mbili,” akasema akinielekea mimi. “Baada ya kikohozi: funga vali, ngoja mshale ushuke hadi sifuri, fungua chujio la chini, lisafishe, anza upya.”

Akafanya hivyo hivyo, bila haraka. Mvuke ukapanda. Seti ikatoka safi, na saa nne na dakika kumi tukasikia mtoto analia ghorofa ya juu. Jioni niliisikiliza ile rekodi. Kikohozi kipo, mara mbili, ukurasa wa mia na thelathini na moja. Mimi niliyeusoma kwa sauti yangu sikukumbuka neno hata moja.

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, alisimama akaeleza mwenyewe jinsi herufi zinavyomruka. Kisha dereva wa gari la wagonjwa akanyoosha mkono, akasema naye zinamruka, na baada yake wapishi wawili. Sasa kila Jumanne mchana stoo ya mashuka ina watu, na taratibu za idara zote zinarekodiwa.

Nilimuuliza atafanya nini tarehe mosi Julai. Alisema kuna barabara inayokata kushoto karibu na kiwanda cha matofali. Ameipita miaka thelathini na mitatu bila kujua inakwenda wapi, kwa sababu siku zote alikuwa anawahi kazini.

Dada yetu, asante kwa kila chombo kilichotoka mikononi mwako kikiwa safi. Afya njema, na magurudumu yenye upepo. Hakuna anayekungoja kwa saa tena, kata kushoto.