Bi Mswaki na Bodi Zisizoshika Kutu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, karakana ya hospitali yetu inamuaga Bi Mswaki, fundi wa vifaa vya umeme, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kitambulisho chake kina jina jingine. Sisi hatujawahi kulitumia, na leo si siku ya kuanza.

Vitanda vya kupashia joto watoto njiti vilipozeeka, bodi za umeme za kuviendesha hazikupatikana tena madukani. Basi akazitengeneza mwenyewe: akachora njia za umeme juu ya bamba la shaba, akaondoa shaba isiyotakiwa kwa dawa, akalehemu. Zikafanya kazi, tukashangilia. Mvua zikaanza, unyevu ukaingia wodini, shaba ikaota kutu ya kijani, na kitanda kimoja kikazimika kikiwa na mtoto ndani. Muuguzi alimwahi, akampakata kifuani mpaka joto likarudi. Mtoto alipona, lakini Bi Mswaki hakula siku ile, wala hakutaka kufarijiwa.

Kesho yake alikuja na mswaki kutoka nyumbani. Tangu hapo kila bodi aliisugua kwa spiriti mpaka mabaki ya kulehemu yaishe, akaikausha, ndipo akaipaka vanishi. Mumewe alitulalamikia sote kwamba kwake miswaki haikai. Na ole wako uguse shaba kwa vidole vitupu! Jasho lako ni chumvi, angekuambia, na mtoto wa watu amekukosea nini? Hata mganga mkuu, mtu na heshima zake, aliwahi kuchapwa kiganja.

Lakini tusimvike kilemba cha ukoka. Bodi ya kwanza kabisa aliyoipaka vanishi, aliipaka mpaka kwenye meno ya plagi. Umeme ukakosa pa kupita, naye akashinda mchana kutwa akitafuta hitilafu iliyokuwa inamng'aria machoni. Siku hizi plagi huzibwa kwanza kwa utepe.

Wiki iliyopita aligoma kukabidhi funguo kabla ya kukagua kila kitanda. Hakutaka kuondoka akiacha kutu nyuma yake. Kilichomtia hofu kilikuwa kile cha pembeni, maana kina bodi kongwe kuliko zote, ile ile ya plagi. Kilikuwa kitupu siku hiyo. Alipolegeza skrubu ya mwisho, sote tuliinama kuchungulia.

Shaba iling'aa kama sufuria mpya. Na katikati ya vanishi, wazi kabisa, palikuwa na alama ya dole gumba la mtu aliyeshindwa kusubiri ikauke. Tukalinganisha. Lake! Jamani, tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza. Yeye naye alicheka, kisha akalia, kisha akaomba spiriti aifute aipake upya.

Tulimnyima.

Asante, Bi Mswaki, kwa kila mtoto aliyelala kwenye joto. Kapumzike kwa afya na furaha, na miswaki ya mzee sasa uiache. Wewe unastaafu, dole lako tumelibakiza zamu.