Mzee Shuka na Bustani ya Baridi

Tarehe 30 Juni, Mungu akipenda, bwana bustani wetu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka ishirini na saba. Sisi wa jikoni ndio tuliopokea makapu yake kila asubuhi, ndiyo maana nimesukumiwa mimi, mpishi, niandike. Palipopinda mnisamehe.

Kwao ni kwenye joto, ambako nyanya hujiotea hata nyuma ya choo. Huku ukungu unaondoka kwa hiari yake, na mvua haina adabu. Lakini yeye na nyanya, usimwambie kitu. Msimu wake wa kwanza hapa, bustani nzima nyanya! Majani yakaingia madoa meusi, matunda yakaoza yangali mabichi. Akaamua kwamba zinaona baridi, akaomba shuka kuukuu za wodini, akazifunika. Shuka zikanywa maji, zikayalalia majani, ugonjwa ukashamiri. Muuguzi mkuu alipopita, aliuliza kama wale wagonjwa wapya wameshapimwa joto. Jina la Mzee Shuka likaanzia hapo, naye akalipokea kwa kicheko.

Kicheko kiliisha uongozi ulipotangaza kwamba bustani isipolisha wodi msimu unaofuata, itamwagwa zege iwe maegesho ya magari. Alikuwa na watoto shuleni, na kazi nyingine hana. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, anazitazama nyanya zake kama mtu anayeaga ndugu. Kesho yake akazing'oa.

Akazunguka kwa majirani kuchungulia ni mboga gani inayostawi upande huu wa mlima bila kubembelezwa. Akarudi na kabichi, karoti na njegere. Jamani, kabichi zilifunga hadi moja nikawa naibeba kama mtoto mchanga. Supu ya wodini ikapata rangi, na habari ya zege hatukuisikia tena. Alhamdulillahi.

Nyanya hakuziacha kabisa, moyo ni moyo. Alipanda mstari mmoja upenuni mwa chumba cha kufulia, ambako ukuta una joto la maji moto na mvua haifiki. Alizifunga kwenye vijiti, akapunguza machipukizi, akamwagilia shinani tu, majani yasilowe. Zilizoiva kwanza zilikwenda kwa wazazi wapya. Sisi jikoni tulinuna, naye akatuambia tuzae kwanza.

Mwezi uliopita mkurugenzi mwenyewe alihamisha gari lake ili tuta la vitunguu liongezwe.

Sasa anarudi kwenye joto la kwao. Shemeji yetu, mkewe, ametuomba tumpekue mizigo, maana amesikia kuna mbegu za kabichi zinasafiri. Tumezikuta, tumezibakiza hapa, na mahali pake tumemwekea bamia na biringanya.

Ahsante, kaka, kwa kila kapu. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na mboga zinazopatana na jua lako.