Katikati Iliyoangukia Ziwani

Benchi letu hapa Base Camp, kambini kwetu wakimbizi, liko mbele ya birika langu la kahawa. Mwaka ule tuliambiwa kijiji chetu kitapata bomba tatu, na benchi zima likawa linagombania fasi za kuziweka. Mimi nilikuwa na langu: mjukuu wangu Gisèle, mimba imeshamlemea, aliteremka ziwani kila asubuhi na jerikani. Ndipo akaja Patient, mtoto wa jirani anayesoma chuo Mbarara, na kompyuta. Kila nyumba akaifanya nukta kwenye kioo chake. Akatupa alama tatu nyekundu popote tu, nazo zikaanza kutembea.

— Yesu wangu! Zinatembea! akasema Kalume, muuza samaki tunayemwita Waziri, akasahau kikombe.

— Kila nyumba inachagua alama ya karibu, Waziri, Patient akaeleza. Alama nayo inahamia katikati ya nyumba zake. Banachagua tena, inahama tena, mpaka itulie.

— Fuata nyuki ule asali, Waziri akasema, lakini hii nyuki! Iko na pepo ndani!

— Pepo gani wewe? akasema Afande Jovan, mwanajeshi mstaafu. Hiyo ni satelaiti. Inaona mpaka posho kwa sufuria yako.

Alama zikatulia. Moja ilikuwa ndani ya ziwa.

— Bomba mu ziwa! Waziri akapiga magoti. Samaki yangu itakunywa maji safi!

— Banyumba bamezunguka maji, Patient akasema kwa haya. Katikati yao ni maji. Ngoja.

Akaanza upya, safari hii alama akizitenga mbalimbali, maana zikianza pamoja zinagombania nyumba zilezile. Akaikataza katikati kukaa hewani: isimame mu mulango ya mutu. Akarudia, akarudia, akashika mpango uliopunguza mwendo wa wote kwenda majini. Alama ikatoka ziwani, ikapanda, ikasimama mlangoni kwa mama mmoja, Mukarukundo.

Nimeona mengi toka Fizi, kwetu Kongo, sijaona kitu kinachotafuta watu hivi, kikikosea, kikirudi.

— Hata Mungu alifanya hivyo, Afande akanong'ona. Alimtupa Adamu popote tu, halafu akamsogeza.

— Tukiulize basi katikati ya Kongo, Waziri akasema, turudi kukaa pale!

Gisèle akafika, akatua jerikani.

— Koko, shikamoo, akanisalimu. Yangu ni nukta gani?

Patient akamwonyesha. Ilikuwa peke yake, mbali na nyekundu zote.

— Mbona?

— Alama ni tatu tu, dada.

— Nani alisema tatu?

— Kompyuta haijui. Ni mutu anaiambia.

— Mutu gani?

Afande akamtazama Waziri. Waziri akanitazama mimi; sote tuligombania fasi, hakuna aliyeuliza nani alisema tatu. Nikainamisha birika nimmiminie mjukuu wangu, yakatoka mashapo.