Ukuta Unaochipua Maua

Ndani ya basi dogo la mjini Bandung, Indonesia, Wening alitega sikio. Mama mmoja mwenye mkono uliolegea kwa kiharusi alikuwa akimsimulia kijana asiyemjua habari za jumba la sanaa alikotoka.

"Mwanangu, ukipunga mkono, ukuta unachipua maua!"

"Mama, umechezewa shere na kamera inayofuata mkono wako, na mwanga unaorusha picha ukutani. Sanaa gani hiyo?"

"Daktari kanibembeleza weee niuinue mkono huu, nikagoma. Leo nimefukuzia maua mpaka mkono umefika begani. Haya, nani kachora, mimi au kamera?"

Kijana, hodari wa kujibu, akajikuna kichwa. "Labda mmesaidiana."

"Labda!"

Basi likasimama, mama akashuka. Kituo cha Wening kilikuwa mbele bado, lakini naye alishuka, akamkimbilia mama kumwuliza njia ya kwenda kwenye jumba hilo.