Mwambie Mwenye Nyumba, Taa Zinafifia

Kikohozi kilitangulia. Sikuwa nimemwona mtu yeyote kwenye njia ya mfereji, lakini nilisikia kikohozi kile kizito, cha makusudi, nikakimbilia nyuma ya migomba na kujifunika kanga mpaka machoni.

Akina mama mliokuja kwenye shukrani hii, mnacheka kwa sababu mnajua. Alikuwa baba mkwe wangu anapita. Kwetu mke haonani naye, hataji jina lake, wala hasemi naye. Naye hukohoa njiani ili mkwewe apate kujificha. Lakini siku ile, ndugu zangu, nawaambia kweli, nilitamani asimame.

Mume wangu alikuwa ng'ambo ya Tunduma, kwenye migodi ya shaba. Mimba yangu haikungoja mwezi wake. Mtoto alitoka mdogo mno, kichwa chake kikaenea kiganjani mwangu. Pale zahanati ya misheni nesi alimlaza ndani ya sanduku la mbao lenye globu pembeni.

"Joto hili ndilo tumbo lako sasa," aliniambia. "Likikatika, hana lingine."

Umeme ule mnaujua. Maji ya mfereji yanashuka, yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha dainamo. Asubuhi globu ziliwaka vizuri. Alasiri zikafifia, zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa, zikazimika. Nesi alijaza chupa maji ya moto, akazifunga kwa flaneli, akamzungushia mtoto. Chupa zikapoa haraka, midomo ya mwanangu ikageuka rangi ya zambarau. Kesho yake, alasiri, yakawa yale yale. Fundi akaifungua dainamo, akaipaka grisi, akasema, "Mashine nzima, mama. Nguvu ndiyo haiji."

Nikamwachia nesi mtoto, nikaufuata mfereji kupanda juu, na uzazi wangu ule mbichi. Kwenye wavu wa chuma, juu ya gurudumu, nikakuta maganda mekundu ya kahawa yameshikana kama godoro. Juu zaidi maji yenyewe yalikuwa yamewekewa kizuizi cha udongo na kugeuzwa, yanaingia kwenye birika la kuoshea kahawa. Birika la baba mkwe wangu. Hapo ndipo kikohozi kikanikuta.

Alipita, akaenda kwenye mashine yake ya kumenya kahawa, akaanza kuuzungusha mpini wake. Mama mkwe, ambaye angenisemea, alikuwa msibani Itumba. Hapakuwa na mtu mwingine. Kule chini globu zilikuwa zinakufa.

Nikapaza sauti nyuma ya migomba: "Wewe mashine! Mwambie mwenye nyumba taa za zahanati zinafifia. Mwambie mjukuu wake anapoa!"

Mlio wa mashine ukakatika. Kisha sauti yake ikasema, "Mashine, muulize huyo mama: kahawa yangu na taa za zahanati, wapi na wapi?"

"Mashine, mwambie maji hayo hayo ndiyo yanayoziwasha. Na maganda yake yameziba wavu."

Nikamsikia akiigonga mashine kwa kiganja.

"Mashine," akasema, "miaka yote tumekaa pamoja, mbona hukuniambia?"

Ndugu zangu, nilicheka huku machozi yananitoka.

"Mwambie arudi kwa mtoto," akaongeza. "Asigeuke nyuma, nakuja na jembe."

Nilishuka nikisikia jembe lake likivunja kizuizi, kisha likikwangua maganda wavuni nyuma yangu, na maji yakinipita kandoni mbio. Nilipofika, globu zilikuwa nyeupe, na nesi amekaa chini, amechoka, anatabasamu.

Mengine mlifanya ninyi. Mzee aliwaita wote mnaoosha kahawa mferejini. Mmoja wenu akasema, "Kahawa isipomenywa siku ile ile inachacha, mzee. Tuache ioze?" Akajibu, "Basi tuchimbe bwawa." Bwawa likachimbwa juu ya gurudumu, likawa linajaa usiku, alasiri linazungusha dainamo wakati ninyi mnaosha. Maganda yakaenda shimoni kuwa mbolea. Tangu hapo sanduku lile halikupoa.

Namshukuru Mungu, namshukuru nesi na fundi, na kila aliyeshika jembe. Taa ikizimika, msiitazame taa peke yake. Upandeni mfereji, mwone nani yuko juu yenu, mseme naye. Hata kama ni kupitia mashine.

Na yule nisiyemtaja yupo. Amekaa kwenye chumba kile cha pembeni, asikie bila kuonana nami. Sisemi naye. Nasema na meza hii: wewe meza, mwambie asante.

Mnasikia? Amekohoa. Ngojeni kwanza, anatoka ili nipate njia. Na mwanangu huyo, yule wa sandukuni, amekwisha kumkimbilia, "Babu, ningoje!" Amemshika mkono. Wametoka.

Mtoto ameufunga mlango nyuma yao, kama nilivyomfundisha, mimi na babu yake tusionane.