Isale Lililomngoja Mwenyewe: Maisha ya Mama Theodora Ezra Lyatuu

Wasifu huu unasomwa na Winfrida, mdogo wake marehemu. Familia ilimchagua yeye kwa sababu tangu Jumanne hajalia, na msomaji lazima awe na sauti. Msidhani ni ushujaa. Machozi yamegoma tu, na mikono hii anaiona kama ya kuazima. Atasoma yaliyoandikwa, nanyi mtamvumilia.

Marehemu Theodora alizaliwa tarehe 11 Aprili 1958 katika kitongoji cha Kishomboni, Mwika, mtoto wa kwanza wa Mzee Ezra Lyatuu na Mama Esther. Alipata kipaimara mwaka 1973. Winfrida alikuja miaka sita baada yake, akalelewa mgongoni mwa dada aliyekuwa akitoka kukata majani ya ng'ombe, ndiyo maana hadi leo akinusa majani mabichi anasikia usingizi.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Alifaulu kuendelea, ila mwaka ule kahawa ilipigwa na ugonjwa wa chulebuni, ada ikakosekana, na aliyebaki nyumbani ni yeye. Mbele za watu hakulalamika. Kwa Winfrida alilalamika sana, na alikuwa na haki.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na Eliufoo Mshiu. Siku hiyo gari la harusi lilikwama kwenye tope. Bibi harusi akashuka, akakunja gauni, akasukuma na wanaume. Mama mkwe alisema ukoo umepata mke au umepata trekta, hajui. Walijaliwa watoto watatu: Eliona, Godbless na Brenda. Eliufoo alifariki mwaka 2009, akazikwa kihambani kwake, katika shamba la ukoo. Siku ya kuweka msalaba marehemu alionyesha ardhi pembeni yake, akasema nafasi yake ni hiyo, mtu asipande ndizi.

Kazi aliyoifanya tangu mwaka 1991 ni upishi wa shule. Waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa ubahili wa chumvi na ukarimu wa maharage.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 23 Aprili 2017, mlima ulishuka. Udongo ulifukia nyumba za upande wa juu pamoja na waliokuwemo, na walionusurika wakawekwa kwenye mahema katika uwanja wa shule alikokuwa akipika. Marehemu aliendelea kupika, ila sasa kwa kambi nzima. Akagundua jambo: wasichana walikataa uji wa jioni. Watu walisema ni majonzi. Yeye alimkalisha mmoja jikoni, akamdadisi taratibu, akaambiwa kwamba wakinywa watalazimika kwenda chooni gizani, vyoo havina komeo, na njiani kuna wanaume wanaosimama.

Kesho yake hakuwasha moto. Kamati ilipokuja kuuliza, alijibu kwamba moto utawaka komeo zikishafungwa. Wanaume walinuna, watoto walilia njaa, Winfrida mwenyewe alimwambia dada acha ukaidi. Kufika mchana komeo zilikuwa zimefungwa. Baada ya hapo akapanga kina mama kwa zamu, wawili wawili na tochi, hadi kunakucha. Zamu ya mwisho, ile ya baridi, aliichukua yeye.

Katika kambi hiyo alimpokea Violet, msichana wa miaka kumi na tatu. Mama yake Violet, Lukresia, alifukiwa na udongo, na baba hakuwepo tangu zamani. Walilala hema moja. Violet akaanza kumwita mama bila kuambiwa na mtu.

Mwezi wa Juni, mchana kweupe, Violet alikwenda kukata majani ya ng'ombe aliyebaki kihambani. Huko alifanyiwa ukatili na kijana wa ukoo alikoolewa marehemu, mtoto wa Mzee Filemon, kaka mkubwa wa Eliufoo. Jina la kijana halitasomwa. Violet ameipitia sehemu hii na ameruhusu isomwe. Aliyemtuma majani ni marehemu, na mahakamani alilisema hilo mwenyewe bila kuulizwa. Siku ileile alimpeleka hospitali, kisha polisi, dawati la jinsia, na kijana akakamatwa.

Ndipo Mzee Filemon alipokuja kambini na wazee wa ukoo, ameshika isale. Kwetu jani hilo halina mzaha. Mtu akikuletea kuomba radhi hulikatai, hata kama amemwaga damu. Alimwambia mambo ya nyumbani yaishie nyumbani, afute kesi. Marehemu alisimama kwenye mlango wa hema, wala hakunyoosha mkono.

"Shemeji, isale hili si langu," alisema. "Aliyeumizwa yumo humu ndani, na bado ni mtoto. Litamngoja akue."

Wazee waliondoka nalo. Februari 2018 kijana alifungwa, na Mzee Filemon akatamka kanisani, nje ya mlango, kwamba aliyempeleka mtoto wa ukoo gerezani hatalala katika ardhi ya ukoo. Kuanzia hapo kila Jumapili marehemu alimwamkia shikamoo, na kila Jumapili marahaba haikuja. Winfrida alimshauri aache kujidhalilisha. Alijibu kwamba shikamoo ni yake, marahaba ndiyo ya Filemon.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2019. Mwaka jana figo zikafuata, akawa mtu wa kushuka Moshi mjini kusafishwa damu na kupanda tena. Mwezi Mei, akiwa wodini, alimwambia Winfrida anataka kulala pembeni ya Eliufoo. Winfrida akauliza, na wakikataa? "Wakikataa usigombane nao," alisema. "Ila uwaombe kwanza." Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Winfrida alikwenda kuomba siku hiyohiyo. Mzee Filemon alimsikiliza, akaingia ndani, hakutoka. Jumatano ikapita watu wakiwa msibani, chai inanywewa, na hakuna aliyejua marehemu atalala wapi. Jambo baya kama hilo Winfrida hajawahi kuliona.

Alhamisi Mzee Filemon alikuja peke yake, ameshika isale. Alimpita Godbless, akampita Winfrida, akaenda hadi aliposimama Violet.

"Mwanangu, lile tulilipeleka kwa asiye mwenyewe," alisema. "Hili ni lako. Ukilikataa, una haki."

Violet, ambaye sasa ana miaka ishirini na mmoja na anasomea ufundi umeme, aliliangalia. Alisema, "Nimesikia, baba mkubwa. Nipe muda." Mzee hakumsukuma. Aliliweka mezani karibu na picha ya marehemu, akachukua jembe, akaenda pembeni ya kaburi la Eliufoo. Alipima, akakata udongo wa kwanza kwa mkono wake. Halafu, akiinamia pale chini, alisema, "Marahaba." Winfrida alikuwa karibu, alisikia. Bado hakulia.

Marehemu ameacha watoto wanne: Eliona, Godbless, Brenda na Violet. Ameacha wajukuu watano, mdogo wake Winfrida, na shemeji yake Filemon.

Isale lipo pale mezani, mnaliona. Violet hajalipokea wala hajalikataa. Tunawaomba ndugu na majirani, hata kwa nia njema, mtu asimuulize.

Dada, zamu yako imekwisha. Komeo zimefungwa. Lala kwa amani.